Nyota hazionekani? Yape macho muda

Ukiwa Dar es Salaam au Nairobi, mwanga wa taa za barabarani na majengo husambaa hewani na kuzimeza nyota hafifu. Mwezi mpevu nao hufanya vivyo hivyo, basi chagua siku za mwezi kuandama.

Kinachosahaulika zaidi ni macho yenyewe. Yanahitaji dakika 20 hadi 30 gizani ndipo yazoee, na ukichungulia simu mara moja tu, unaanza upya. Tafadhali izime kabisa! Ukihitaji mwanga, tumia tochi nyekundu hafifu. Kisha tafuta Kilimia, kile kikundi kidogo cha nyota zilizosongamana, jioni za Desemba hadi Februari. Usikikazie macho, tazama pembeni yake kidogo, utaona nyota zake zinaongezeka.