Kutafuta Hitilafu ya Lenzi kwenye Kamera ya Filamu ya Zamani: Mwongozo kwa Anayeanza

Anayeanza kutumia kamera ya filamu ya zamani, picha zake zikitoka vibaya, kwa kawaida huimulika lenzi kwa tochi, akaona vumbi ndani yake, na kuamini kwamba amekipata chanzo. Mara nyingi sicho. Vumbi na mikwaruzo midogo ya kioo cha mbele huonekana waziwazi lakini huathiri picha kwa kiasi kidogo mno, ilhali vibamba (vipande vyembamba vya chuma vinavyobana tundu la lenzi) vinavyofunga kwa kuchelewa, au lenzi iliyokaa sehemu ya milimita nje ya mahali pake, huharibu filamu nzima bila jicho kugundua lolote. Kwa sababu hiyo uchunguzi uanzie kwenye negativi, uende kwenye kamera, na lenzi yenyewe ifunguliwe mwisho kabisa, kama italazimu kufunguliwa.

Soma negativi kwanza

Weka negativi juu ya mwanga mweupe na uitazame kwa lenzi ya kukuzia. Picha zilizoskaniwa hazitoshi kwa kazi hii, kwa kuwa mashine za kuskani husawazisha mwangaza zenyewe na kuficha kosa ambalo negativi ingelionyesha.

Angalia kasoro inaishia wapi. Mchirizi wa mwanga unaovuka mpaka wa fremu ya milimita 24 kwa 36 na kufika kwenye matundu ya ukingoni mwa filamu haukutoka kwenye lenzi, kwa sababu mwanga unaopita kwenye lenzi hukomea kwenye dirisha la fremu. Huo umepenya kwa mlango wa nyuma, ambako sponji ya kuzibia mwanga huoza na kuwa kama lami baada ya miaka mingi. Mng'ao unaobaki ndani ya fremu, hasa ule unaotokea pale tu unapopiga picha ukilielekea jua, ndio wa kuhusishwa na lenzi.

Halafu angalia umbo la kasoro. Tafuta nukta ndogo ya mwanga, kwa mfano taa ya mbali au mmeto wa jua kwenye chuma. Ikiwa nukta hiyo imevutika ikawa mstari, na nukta nyingine zote zimevutika kuelekea upande huohuo, kamera ilitikisika mkononi; tumia kasi ya 1/125 ya sekunde au zaidi, au tripodi, kabla ya kuilaumu lenzi. Ikiwa imetanuka ikawa duara, suala ni fokasi. Katika hali hiyo tazama iwapo kuna kitu kingine, mbele au nyuma ya kile ulichokilenga, ambacho kimetoka kikali. Kama kipo, vioo vya lenzi havina neno na hitilafu iko katika namna kamera inavyokuonyesha fokasi. Kama hakuna chochote kikali, kuanzia majani ya karibu hadi upeo wa macho, lenzi haikukaa mahali pake au vioo vyake vimepangwa vibaya. Upande mmoja wa fremu ukikosa ukali katika kila picha, za wima na za ulalo, shuku kioo kilichokaa mshazari au kifungio cha lenzi kilichopinda.

Mwisho angalia uzito wa negativi, yaani weusi wake, ambao huongezeka kadiri mwanga unavyozidi, kulingana na tundu la lenzi; namba ya f ikiwa kubwa, tundu ni dogo. Hapa kumbukumbu haitoshi. Inafaa kupiga filamu moja ya majaribio huku ukiandika tundu, kasi na umbali wa kila picha. Weka kamera kwenye tripodi, chagua kitu kisichosogea, na upige kwa f/2.8 na 1/500, kisha f/5.6 na 1/125, kisha f/16 na 1/15. Kiasi cha mwanga ni kilekile katika fremu zote tatu, kwa hiyo zinapaswa kulingana kwa uzito. Zote zikipungukiwa au kuzidishiwa mwanga kwa kiwango kimoja, mtuhumiwa ni kipimamwanga. Kamera nyingi za miaka ya 1960 na 1970 zilitengenezewa betri za zebaki za volti 1.35, na betri za alkali za volti 1.5 zinazowekwa badala yake huweza kuupotosha mshale.

Mambo yanayofanana na ubovu

Lenzi nyingi zinazodhaniwa kuwa mbovu hazijaharibika hata kidogo. Helios 44-2, lenzi ya Kisovieti ya milimita 58, ina pete mbili za tundu: moja huweka kikomo na nyingine ndiyo inayofunga vibamba hadi kwenye kikomo hicho. Asiyejua huzungusha ya kwanza tu, akapiga filamu nzima lenzi ikiwa wazi. Lenzi nyingi za skrubu ya M42 (uzi wa milimita 42) zina swichi ndogo ya kuchagua kati ya kujifunga zenyewe na kufungwa kwa mkono. Zikiwekwa kwenye upande wa kujifunga, juu ya kamera isiyo na bamba la kusukuma kipini kilicho nyuma ya lenzi, hazifungi kamwe. Lenzi za kukunja, kama vile Elmar za zamani za Leica, hazina budi kuvutwa nje na kuzungushwa hadi zijifunge. Bila hivyo hakuna kitakachotoka kikali.

Hatari kubwa zaidi ni skrubu inayoingia mahali isipostahili. Kamera za Leica zenye kifungio cha skrubu na za Zenit za mwanzo hutumia uzi uleule wa milimita 39, lakini umbali kutoka kifungio hadi filamu ni milimita 28.8 kwa Leica na 45.2 kwa Zenit. Lenzi ya Industar-50 ilitengenezwa kwa aina zote mbili za kamera, na ile ya Zenit ikifungwa kwenye FED au Zorki, kamera za Kisovieti zenye umbali kama wa Leica, hukaa zaidi ya milimita 16 karibu mno na filamu. Inaingia vizuri, inazunguka vizuri, na haitoi picha hata moja yenye ukali.

Vibamba vinavyochelewa

Katika kamera yenye kioo cha kuakisi, vibamba hukaa wazi ili uone vizuri, kisha hujifunga kwa ghafla unapobonyeza kitufe. Vikiwa na mafuta hujifunga polepole, na shata (pazia linaloruhusu mwanga kufika kwenye filamu) hufunguka kabla havijafika. Dalili yake ni mahususi: picha za tundu lililo wazi ni sawa, na kadiri unavyolifunga tundu ndivyo negativi inavyozidi kuwa nzito.

Ndiyo maana fremu ya f/16 ni muhimu katika jaribio lililotajwa, ingawa ina mtego wake, kwa kuwa 1/15 ya shata ya zamani nayo huweza kuwa ndefu kuliko inavyodai. Ondoa shaka kwa kupiga fremu nyingine kivulini kwa kasi hiyohiyo tundu likiwa wazi, kwa kipimo sahihi cha mwanga wa hapo. Hiyo nayo ikitoka nzito, shata ndiyo inayochelewa. Kisha tazama kwa macho. Ondoa lenzi, iweke kwenye f/16, na kwa lenzi nyingi utaweza kusukuma au kuachia kwa ncha ya kidole kile kiwiko au kipini cha nyuma. Vibamba vyema huruka na kurudi kwa kasi ambayo jicho haliwezi kuifuatilia. Ukiweza kuviona vikisafiri, ni vizito. Mafuta yenyewe huonekana kama madoa yanayong'aa kwenye chuma kikavu, na kwa kawaida yametoka kwenye grisi ya pete ya fokasi iliyoyeyuka kwa joto.

Kwa lenzi inayofungwa kwa mkono, kama ile Helios, mafuta kidogo hayana madhara makubwa, kwa sababu vibamba vina muda wote wa kufika. Nisingegharimia ukarabati wake kwa sababu hiyo pekee. Ni tofauti kabisa na kamera ambazo shata iko ndani ya lenzi: hapo tone dogo huvigandisha vibamba vya shata. Zijaribu kasi zote kuanzia sekunde moja, na uiache swichi ya kujipiga picha mwenyewe, kwa kuwa mtambo huo una desturi ya kukwama katikati na kuifunga shata nzima. Kamwe usitie mafuta, wala usidondoshe petroli ya kiberiti ndani ukitumaini itasafisha. Hubeba grisi na kuitandaza juu ya vioo.

Jaribio la fokasi bila filamu

Hili ndilo jaribio lenye faida kuliko yote. Fungua mlango wa nyuma kamera ikiwa haina filamu, ifunge kwenye tripodi, weka shata kwenye B (alama ya kubaki wazi muda wote kitufe kinapobonyezwa), na uishikilie wazi kwa kebo yenye kufunga. Tundu liwe wazi kabisa. Chukua selotepu isiyong'aa, ile ya rangi ya maziwa, na uitandaze ikiwa imekaza juu ya zile reli mbili za ndani ambazo filamu hulala. Usiguse pazia la shata. Jifunike kichwa kwa kitambaa cheusi, na juu ya selotepu utaona picha iliyopinduka kichwa chini, ileile ambayo filamu ingeipata.

Zungusha pete ya fokasi hadi alama ya ∞, yaani umbali usio na mwisho, na uelekeze kamera kwenye kitu kilicho mbali sana, kama mnara au ukingo wa mlima, ukikitazama kwa lenzi ya kukuzia. Usielekeze kwenye jua. Picha ikiwa kali juu ya selotepu huku kitazamio kikionyesha vingine, lenzi ni nzima. Kwenye kamera yenye kioo cha kuakisi, huenda sponji inayokipokea kioo imeoza na kukifanya kisikae kwenye pembe yake, au skrini ya fokasi ilirudishwa juu chini baada ya kusafishwa. Kwenye kamera yenye kipimaumbali, kipimaumbali chenyewe kimehama na kinahitaji kurekebishwa.

Picha ikikosa ukali kwenye ∞ lakini ikawa kali unaporudisha pete hadi mita 10 hivi, lenzi imekaa karibu mno na filamu. Ikigonga mwisho wa pete bila kuufikia ukali wa mbali, huku vitu vya karibu vikionekana vizuri, imekaa mbali mno. Adapta (pete ya kuunganisha lenzi na kamera ya aina nyingine) nene kupita kiasi huleta hali hiyo, na vilevile lenzi iliyowahi kufunguliwa. Uzi wa pete ya fokasi una milango mingi ya kuingilia, na fundi asiyeweka alama kabla ya kuitenganisha huirudisha kwa mlango usio wake.

Vioo vyenyewe

Sasa tochi ina kazi. Fungua tundu lote na umulike kutoka nyuma kwa mshazari. Kuvu huonekana kama nyuzi zinazotawanyika kwa matawi. Utando wa grisi huonekana kama maziwa yaliyotanda sawasawa, na ndio unaopunguza weusi wa vivuli kuliko kasoro nyingine za kioo. Rangi za upinde wa mvua pembezoni humaanisha gundi iliyounganisha vioo viwili imeanza kuachia. Kwa thamani ya lenzi nyingi, ukarabati wake haulipi. Kabla ya kuihukumu lenzi iliyopungukiwa na weusi, kumbuka pia umri wake: mipako ya kupunguza mng'ao ilibuniwa na Alexander Smakula wa Zeiss mwaka 1935, na lenzi zisizo na mipako hutoa picha laini hata zikiwa safi. Kinga ya jua huzisaidia sana.

Rangi ya manjano katika lenzi kama Super-Takumar ya milimita 50 f/1.4 ya vioo saba hutokana na thoriamu, elementi yenye mnururisho, iliyomo ndani ya kioo, na mwanga wa urujuanimno huipunguza kwa siku au wiki kadhaa. Taa ya urujuanimno ni salama kuliko jua, kwa kuwa lenzi iliyoachwa juani huweza kukusanya miale na kuwasha moto, na joto huyeyusha ile grisi iliyotajwa.

Anayeanza asafishe nyuso mbili za nje tu: kwanza pampu ya hewa ya mpira, kisha brashi laini, kisha karatasi ya lenzi iliyotiwa tone la pombe ya isopropili. Tone liwekwe kwenye karatasi, kamwe lisiwekwe kwenye kioo, kwa sababu humiminika ukingoni na kuingia ndani. Kuvu ya ndani ni kazi ya fundi, na ikiwa imekwisha kula mpako, alama zitabaki hata baada ya kusafishwa. Ukimpelekea lenzi, mpe na negativi pamoja na maandishi ya filamu ya majaribio, maana "picha hazitoki vizuri" haimwelezi aanzie wapi, lakini "f/16 ni nzito na f/2.8 ni sawa" inampeleka moja kwa moja kwenye vibamba. Inaporudi, rudia jaribio la selotepu kwenye ∞ kabla ya kutia filamu, lenzi ikiwa bado ndani ya muda wa dhamana ya fundi.