Mjusi akigoma kula msimu wa baridi

Julai hii Nairobi, mjusi wa kufugwa akikataa chakula usimlazimishe. Pima joto kwanza. Wangu ni wa jamii ya Australia, mwenye ndevu za miiba, na pale anapoota joto panahitaji nyuzi 38 hadi 42 za Selsiasi. Weka kipimajoto palepale anapoota joto, si ukutani. Akiwa baridi tumbo halisagi, na chakula huozea ndani. Taa ya UVB, inayotoa miale kama ya jua, nayo huchoka hata kama bado inawaka. Ibadilishe kila mwaka.

Mwogeshe kwenye karai la maji vuguvugu, yasipite mabega. Mara nyingi humsaidia kwenda choo. Nyenje ambao hawajaliwa watoe jioni, watamng'ata akilala. Akijivua ngozi, mvumilie tu. Lakini macho yakizama au mkia ukikonda, mpeleke kwa daktari wa mifugo siku hiyohiyo, tafadhali.