Kufunga betri ya pili kwenye gari la safari bila kuisumbua kontroli boksi

Land Cruiser yenye injini ya 1HZ ikishawaka huvumilia mengi, kwa sababu pampu yake ya dizeli ni ya kimakanika. Injini za komoni reli kama 1VD na 1GD ni habari nyingine. Humo kontroli boksi, yaani kompyuta ya injini, ndiyo inayoamua nozeli zifunguke lini, na inataka umeme usioyumba. Gari likilala Seronera, katikati ya Serengeti, huku friji, inveta na chaja za kamera vinanyonya betri moja, asubuhi ukipiga stata volti zinaporomoka na injini inagoma hata kama dizeli ipo tele.

Kwa hiyo nina kanuni moja kwa kila gari ninalofunga: betri ya kwanza ni ya injini na vile vilivyokuja na gari kutoka kiwandani. Kila kilichoongezwa baadaye kinakula betri ya pili. Maelezo haya ni ya mfumo wa volti 12 na betri mbili za asidi.

Hatua ya 1: Pima kabla ya kununua chochote

Gari likiwa limelala usiku kucha, betri iliyojaa husoma kama volti 12.6 au 12.7. Ukiona 12.2, imebaki kama nusu. Mwombe mwenzako apige stata wakati macho yako yako kwenye mita. Ikishuka chini ya 9.6, betri imechoka au kuna terminali mbovu, na hilo litatuliwe kwanza. Betri ya pili haiponyi ya kwanza.

Injini ikiunguruma, mita isome kati ya 13.8 na 14.4. Kuna magari mapya ambayo oltaneta yake inaongozwa na kompyuta: baada ya mwendo kidogo inashusha volti ili kuokoa mafuta. Kwa hayo rilei (swichi inayounga betri mbili injini ikichaji na kuziachanisha ikizimwa) haifai, weka chaja ya betri kwa betri, yaani kifaa kinachochukua umeme wa betri ya kwanza na kuichaji ya pili kwa volti zinazoifaa. Hata ukitaka betri ya pili iwe ya lithiamu, weka chaja hiyohiyo. Lithiamu ikipumzika inakaa karibu na volti 13.3, hivyo rilei huenda isiachie kabisa, na betri zako mbili zitabaki zimeungana usiku kucha.

Hatua ya 2: Mahali pa kuikalisha

Chini ya boneti kukiwa na nafasi mbali na eksozi, ni sawa. Ikikaa ndani na abiria, iwe ya kuzibwa aina ya AGM, maana betri ya maji hutoa haidrojeni inapochajiwa. Ifungwe kwa chuma na bolti. Mipira ya kuvutika haihimili mawimbi ya barabara ya Naabi, lango la Serengeti.

Hatua ya 3: Kebo

Watu wengi hubana matumizi hapa, na mimi hapa sibishani bei. Tuseme betri ya pili iko nyuma, mita 3 kwenda na mita 3 kurudi. Kwa kebo ya shaba ya milimita mraba 25, ampia 100 zikipita unapoteza kama volti 0.42 njiani. Kwa 35 unapoteza 0.3. Tumia 35. Lagi (vichwa vya kebo) zibanwe kwa koleo la haidroli, si kwa nyundo, kisha zivishwe mpira unaosinyaa kwa joto. Kebo ikipita kwenye tundu la bati, weka grometi, pete ya mpira ya kuzuia bati lisiikate.

Hatua ya 4: Fyuzi mbili

Kebo ya chanya ina betri kila upande, kwa hiyo ikichubuka na kugusa bodi, moto unaweza kutoka upande wowote. Weka fyuzi karibu kabisa na kila betri, isizidi sentimita 20. Kwa kebo ya 35 mimi naweka ya ampia 125. Fyuzi inalinda kebo, kwa hiyo usiipandishe eti kwa sababu inaungua, tafuta kinachoiunguza.

Hatua ya 5: Rilei

Chukua rilei inayohisi volti, inayounga karibu na 13.3 na kuachia karibu na 12.8, yenye uwezo wa ampia 140 au zaidi. Ifunge karibu na betri ya injini, mbali na maji.

Winchi usiipitishe kwenye rilei hii. Inavuta mamia ya ampia, kwa hiyo ipewe kebo yake nene.

Hatua ya 6: Ethi

Hitilafu nyingi za kontroli boksi ninazoletewa baada ya betri ya pili kufungwa chanzo chake ni ethi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye hasi. Fundi anachukua bolti yoyote ya bodi, juu ya rangi, anakaza. Usifanye hivyo. Rudisha hasi ya betri ya pili kwa kebo nene ileile hadi kwenye hasi ya betri ya kwanza au bloku ya injini. Kwangua rangi mpaka chuma king'ae, kaza, kisha paka grisi juu yake. Waya za ethi za kontroli boksi ziache zilipo, usizichanganye na za friji.

Hatua ya 7: Kuunganisha na kupima

Zima swichi, subiri dakika chache, fungua hasi ya betri ya injini kwanza. Unganisha kila kitu fyuzi zikiwa nje. Rudisha hasi, kisha weka fyuzi. Kamwe usichomoe betri injini ikiwaka: volti hupanda ghafla na zinaweza kuua daiodi za oltaneta na kontroli boksi pamoja.

Washa gari. Rilei italia *tak* baada ya muda. Washa taa, friji na inveta, kisha weka ncha moja ya mita kwenye chanya ya betri ya kwanza na nyingine kwenye chanya ya pili. Mita ikisoma zaidi ya volti 0.3, gusa kila kiungio kwa mkono: kinachopata joto ndicho kibovu. Rudia upande wa hasi. Mwisho zima gari, acha friji iendelee usiku, na asubuhi pima betri ya injini. Isome 12.6.