Jinsi ya kupiga filamu mwaloni bila mtaji, kwa njia ya Nelson Pereira dos Santos

Mimi naishi kwa kupiga video za harusi na send-off hapa Mwanza, na vijana wanaonifuata wakitaka kutengeneza filamu wana kilio kimoja: "Kaka, mtaji hatuna." Huwa nawatajia Nelson Pereira dos Santos, Mbrazili aliyezaliwa São Paulo mwaka 1928 na kufariki Rio de Janeiro mwaka 2018. Alisomea sheria, akafanya uandishi wa habari, na filamu yake ndefu ya kwanza, Rio, 40 Graus ya mwaka 1955, aliitengeneza bila studio kubwa nyuma yake. Inawafuata watoto wanaouza karanga jijini Rio siku ya Jumapili. Fedha ilipatikana kwa ushirika: watu walichangia kwa hisa, na walioshiriki kazi walitegemea kulipwa filamu ikishaingiza.

Kwa hiyo anza na hisa. Chukua daftari, andika hisa 100, kisha orodhesha kila mtu ambaye bila yeye kazi haiendi: mwenye simu nzuri, waigizaji, mwenye mtumbwi, mama ntilie atakayewalisha. Mama ntilie msimsahau, maana wali na dagaa wa wiki nzima ni fedha halisi kuliko ahadi zenu zote. Kila mmoja aandikiwe hisa zake, asaini, na shahidi mmoja mtu mzima asaini pia. Mzee mmoja wa mtumbwi nilimweleza mpango huu pale Kirumba. Nilimwamkia kwanza, akaitikia marahaba, akasikiliza mpaka mwisho ndipo akauliza: "Sasa mwanangu, petroli ya injini nayo ni hisa?" Jibu ni hapana. Petroli, vyakula vya mama ntilie kupika na vocha hulipwa taslimu. Hisa ni za jasho na vifaa tu.

Halafu panga ratiba kwa mwezi, namaanisha mwezi wa angani. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Siku hizo asubuhi mwalo, yaani ufuko wanaposhushia samaki, unachemka: mitumbwi inarudi, ndoo zinapita vichwani, wanunuzi wanagombana bei. Hapo piga picha za umati. Mbalamwezi ikikolea, wavuvi wa dagaa wanapumzika na kushona nyavu, nao ndio muda wao wa kukaa na kuzungumza mbele ya kamera. Ukimtaka mvuvi akuigizie usiku wa giza, unamnyima riziki yake, na atakwambia hivyo bila kupepesa macho.

Sasa mwanga, na hapa sitakuwa na haraka. Mwaka 1963 Nelson alitoa Vidas Secas, kutoka riwaya ya Graciliano Ramos, inayohusu familia ya mchunga ng'ombe inayohama kwa ukame kaskazini mashariki mwa Brazili. Aliipigia Alagoas, nyeusi na nyeupe, na mpiga picha wake Luiz Carlos Barreto hakulilainisha jua. Nyuso zinasomeka, lakini anga limeungua likawa jeupe tupu, na unaanza kukunja uso mwenyewe ukiwa umekaa kivulini. Sisi tumefundishwa kulikimbia jua la saa 6 na kusubiri machweo, tena nyuma ya Bismarck Rock, ule mwamba wa ziwani hapa Mwanza, kama kalenda ya hoteli. Achana na hayo. Mwanamke anayeanika dagaa kwenye chanja hafanyi kazi saa ya machweo; yuko juani tangu asubuhi. Mpige saa 6 ileile. Bonyeza uso wake kwenye skrini, shikilia kidole mpaka mwanga ufungwe hapo, kisha uache ziwa na anga viungue. Zima kile kitufe kinachosawazisha mwanga na giza, kwa simu nyingi kimeandikwa HDR. Usimpake poda. Jasho linalomkusanyikia juu ya mdomo wakati anageuza dagaa kwa mkono ndilo picha yako.

Kwenye sauti, Nelson hakutegemea muziki wa kubembeleza. Vidas Secas inafunguliwa na mlio wa gurudumu la mkokoteni wa ng'ombe, mkavu, mrefu, unaokera, na mlio huo unakaa kichwani hadi mwisho. Tafuta mlio wa mwalo wako. Mimi napenda nyundo ya fundi anayeziba mtumbwi kwa pamba: mapigo mafupi, kimya, mapigo tena. Urekodi kwa simu ya pili ukiwa umeikinga na upepo kwa kitambaa. Waigizaji nao wawe na simu ya pili mfukoni mwa shati, kwa sababu upepo wa ziwa unameza maneno ukiwa hatua tatu tu kutoka kwao.

Mvua. Nelson alikwenda kuipiga Vidas Secas miaka kadhaa kabla, akiwa na kikosi kizima, mvua ikanyesha na nyika ikawa kijani. Filamu ya ukame ikakosa ukame. Hakurudi nyumbani: alitunga hadithi nyingine palepale, akaigiza mwenyewe kama mhusika mkuu, ikawa Mandacaru Vermelho ya mwaka 1961. Nawe uwe na hadithi ya akiba inayotumia watu walewale na mahali palepale. Huku kwetu mvua yenyewe ni hadithi. Wingu likitokea upande wa Ukerewe, wanawake wanakimbilia dagaa walioanikwa, wanakusanya kwa mafagio na mikono, turubai linavutwa na watu ambao dakika tano zilizopita hawakuwa wanasalimiana. Dagaa wakilowa wanaharibika, na wengi huishia kuwa chakula cha kuku kwa bei ya kutupa. Ukiifunga kamera kwa kuogopa maji, umeikosa filamu.

Kibali usikidharau. Mkuu wa polisi wa Rio aliipiga marufuku Rio, 40 Graus, na kati ya madai yake ni kwamba joto la jiji hilo halijawahi kufika nyuzi 40! Waandishi walipiga kelele, mwandishi mashuhuri wa riwaya Jorge Amado akiwamo, na marufuku ikaondolewa. Wewe huna Jorge Amado. Omba kibali cha Bodi ya Filamu mapema, jitambulishe kwa mtendaji wa mtaa na viongozi wa BMU, kikundi cha wavuvi kinachosimamia mwalo, na ukimtumia mtoto, mzazi atoe idhini kwa maandishi. Bandarini na kwenye vivuko usitoe kamera bila ruhusa.

Kuhariri, badilishaneni. Nelson aliihariri Barravento ya mwaka 1962, filamu ndefu ya kwanza ya kijana Glauber Rocha, inayohusu wavuvi wa Bahia wanaovuta wavu usio wao. (Ionyeshe mwaloni kwetu, hakuna atakayehitaji ufafanuzi.) Mwenzako atakata bila huruma picha uliyoipenda kwa sababu tu ilikutesa kuipiga.

Ikiwa tayari, kodi kibanda umiza, kile cha kuonyeshea mpira na video, usiku usio na mechi ya Simba wala Yanga. Ukiwa na mnyama kwenye hadithi, awepo mlangoni: watazamaji wa tamasha la filamu la Cannes mwaka 1964 waliamini mbwa Baleia wa Vidas Secas aliuawa kweli, ikabidi apandishwe ndege apelekwe kuonekana mzima. Kiingilio kiwe kilekile cha mpira. Mlangoni akae mwenye hisa asiye ndugu yako, fedha ihesabiwe usiku huohuo mbele ya wote, na wa kwanza kulipwa awe mama ntilie.