Jinsi ya kuomba tiba ya PTSD kwa mwanajeshi mstaafu wa Marekani

Wenzetu wengi waliolitumikia jeshi la Marekani wakishatoka hukimbilia fidia ya ulemavu, kisha wanakaa wakisubiri majibu ndipo waanze tiba ya PTSD, yaani maradhi ya akili yanayobaki baada ya tukio la kutisha. Hayo ni maombi mawili mbalimbali. Fidia ina fomu yake, 21-526EZ, na huchukua miezi. Peleka tu fomu 21-0966 ya kutangaza nia, upate mwaka mmoja wa kukusanya ushahidi bila kupoteza tarehe ya kuanza kuhesabiwa fidia yako. Tiba haingoji hayo.

Kama sasa hivi unawaza kujidhuru, acha kusoma. Piga 988, kisha bonyeza 1.

Tafuta kwanza DD 214, ile hati uliyopewa ulipoachishwa jeshi. Ikiwa imepotea, nakala huombwa kwa fomu SF 180, lakini kuikosa kusikuzuie kutuma ombi. Na kama hukuachishwa kwa heshima kamili, usijihukumu mwenyewe: wapo wa aina hiyo wanaopewa tiba ya akili. Waache VA, idara ya serikali ya Marekani inayohudumia wastaafu wa jeshi, waamue wenyewe.

Fomu ya kujiandikisha ni 10-10EZ. Ijaze kwenye VA.gov, au piga 877-222-8387 ujaziwe kwa simu, au ipeleke hospitali ya VA iliyo karibu. Uwe na namba ya Social Security, kadi ya bima kama unayo, na hesabu ya mapato ya mwaka uliopita, yako na ya mwenzi wako. Hawaulizi uraia wala uliyoyaona vitani. Uliyetumwa Iraki, Afghanistan au eneo jingine la mapigano baada ya Septemba 11, 2001, huhitaji kuthibitishiwa ulemavu kwanza.

Ukikubaliwa, omba miadi ya afya ya akili. Hapa ndipo watu wetu wanapojiponza. Utapewa karatasi ya maswali 20, PCL-5, kuhusu mwezi uliopita: ndoto mbaya, kushtuka, kukwepa watu au mahali, hasira, kukosa usingizi. Kila swali unalipatia alama kuanzia 0 hadi 4. Sisi tumelelewa kujibu "nzuri" hata nyumba ikiwaka moto, basi mtu anaandika 1 kila mahali na daktari anamwona mzima. Jibu kwa siku zako mbaya. Kama unalala na taa inawaka, au mkeo amehamia chumba kingine kwa sababu ya mateke yako usiku, sema hivyo hivyo.

Tiba ziombe kwa majina yake. CPT (Cognitive Processing Therapy) kwa kawaida ni vikao 12 vya kupima upya yale unayoyaamini kuhusu tukio, hasa lawama unazojitwisha. PE (Prolonged Exposure) ni vikao 8 hadi 15 vya dakika 90 hivi, unasimulia tukio tena na tena mpaka lipungue makali. Ni kazi ngumu, na wiki za mwanzo zinaweza kukuchafua zaidi. Usikate miadi.

Hospitali inakutia kichefuchefu? Nenda Vet Center, kituo cha ushauri kwa wastaafu wa jeshi, simu 877-927-8387. Vituo hivi ni zaidi ya 300, ushauri ni bure, huhitaji kujiandikisha VA, na familia hupokelewa pia. Kumbukumbu zako hazitolewi bila idhini yako, ila pale maisha yanapokuwa hatarini.

Ukiwa umejiandikisha VA na ukaambiwa miadi iko mbele ya siku 20, au ni mwendo wa gari unaozidi nusu saa, omba upelekwe kwa daktari wa nje kwa gharama ya VA. Usiende kwanza ndipo uombe, idhini hutangulia.