Krimu ya ganzi kabla ya sindano: ukiipaka kama losheni, haifanyi kazi

Wiki iliyopita jirani yangu hapa Temeke alirudi maabara amenuna. "Dada, ile dawa yako feki. Mtoto kalia vilevile." Nikamuuliza aliipakaje. Kumbe aliisugua mkononi mpaka ikapotea, halafu akapanda daladala. Natoa watoto damu kila siku, na kosa hili nalikuta sana.

1. Nunua famasi, yenye lidokaini asilimia 2.5 na prilokaini asilimia 2.5. Vile vikopo vya saluni visivyoandikwa kiasi cha dawa, mimi sivigusi.

2. Mwambie mfamasia dawa nyingine anazotumia mgonjwa, hasa Septrin, dapsoni au primakuini. Zikikutana na prilokaini, damu inaweza kushindwa kubeba oksijeni vizuri. Mtoto wa chini ya mwaka mmoja anayetumia dawa hizo asipakwe. Mwenye upungufu wa G6PD (kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu za damu) naye aulize kwanza.

3. Kupaka. Hapa ndipo wengi tunakwama. Ngozi iwe kavu, haina mafuta ya nazi, haina kidonda wala upele. Weka bonge la krimu ndani ya kiwiko na USISUGUE. Kwa mtu mzima, au mtoto aliyezidi mwaka, ni kama gramu 2 kwa sehemu moja, yaani karibu nusu ya tyubu ya gramu 5. Mtoto wa chini ya mwaka ana kipimo chake kidogo, apimiwe na daktari. Mimi hupaka mikono yote miwili, maana mshipa wa kwanza ukigoma utamchoma wapi?

Funika kwa plasta ya nailoni inayoonyesha ndani. Ukiikosa, nailoni ya kufungia chakula na utepe vinatosha. Kwa joto letu plasta huteleza kwa jasho, kwa hiyo bandika kingo zote nne. Andika saa juu yake kwa kalamu. Dakika 60 ndiyo chini kabisa, na zinahesabiwa hadi unapoifuta krimu. Sindano ikiwa saa nne asubuhi na unatoka Mbagala, paka nyumbani kabla foleni haijakukamata. Ila foleni ya maabara nayo ikirefuka, mtoto aliyezidi mwaka asikae na krimu mwilini zaidi ya muda wa saa 4 tangu umpake. Wa chini ya mwaka, muda wa saa 1 tu. Mvalishe mikono mirefu asije akailamba au kujipaka machoni.

4. Futa dakika kumi kabla. Ngozi itakuwa imepauka na mshipa umejificha, subiri, utarudi. Ganzi yenyewe inabaki saa 1 au zaidi.

5. Kwa meno ni habari nyingine. Krimu ya ngozi haiingii mdomoni. Daktari hukausha fizi, anapaka jeli yake, anasubiri dakika moja au mbili. Inapunguza uchungu wa sindano tu. Jino halitolewi kwa jeli peke yake. Mtoto asile mpaka ganzi iishe, atajing'ata shavu. Jeli ya benzokaini (dawa nyingine ya ganzi) kwa kichanga anayeota meno, usithubutu: FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, ilionya mwaka 2018 isitumike kwa walio chini ya miaka 2.

Masikio yakivuma, mtu akipata kizunguzungu au kuhema kwa shida, au midomo, fizi na kucha zikigeuka bluu au kijivu, futa krimu yote, kimbia hospitali, na tyubu uibebe mkononi.