SOMO: Kukandika ukuta wa miti na udongo kwa nyumba ya makumbusho (soma kabla ya kuuliza)

Swali la "mbona ukuta umepasuka?" limenichosha, kwa hiyo naliweka hapa mara moja.

1. Pima nyumba ya asili na uipige picha: unene wa ukuta, nafasi za nguzo, mafundo.
2. Menya magome kabla ya kusimika nguzo. Wadudu hujificha humo.
3. Funga fito kwa kamba, ndani na nje. Kama ya asili haikuwa na misumari, usipige.
4. Ezeka KABLA ya kukandika.
5. Udongo. Hapa ndipo wengi wanaharibu. Ondoa udongo wa juu wenye mizizi, uchimbe ulio chini yake. Mfinyanzi ukizidi, ukuta unasinyaa na kupasuka, ukipungua, unamomonyoka. Usikisie! Kandika vipande vya majaribio, udongo kwa mchanga 1:1, 1:2 na 1:3, vikauke kivulini. Chagua kisichopasuka wala kutoa vumbi ukikisugua. Kisha changanya na majani makavu yaliyokatwakatwa, kanyaga, funika, uache udongo ulale usiku mzima.
6. Mmoja akae ndani, mwingine nje, msukume udongo hadi ukutane katikati ya fito. Ukauke kabisa. Nyufa ndogo zisikutishe, zitashika tabaka la pili. Lowesha kidogo, paka la pili jembamba.

MASWALI

— Mkuu, saruji kidogo tu ya kuimarisha?
— Hapana. Inafungia unyevu ndani, nguzo zinaoza huzioni.

— Tabaka ngapi?
— Soma namba 6 hapo juu: mawili.

— Upande mmoja ulishaanguka, hatujui dirisha lilikuwa wapi. Tufanyeje?
— Swali zuri. Angalia picha za zamani, waulize wazee waliokaa humo, kagua fito zilizobaki: penye dirisha huwa zimekatwa. Hati ya Venice ya 1964 (mwongozo wa kimataifa wa kuhifadhi majengo ya kale) inataka ukarabati ukome pale makisio yanapoanza, kwa hiyo ukikosa ushahidi, usibuni dirisha; kama ni lazima upande huo ujengwe, kibao kiseme wazi kwamba ni makisio. Pia chonga mwaka kwenye kila nguzo mpya, upande utakaofunikwa na udongo. Watakaokarabati baadaye watajua ipi ni ya asili.

— Samadi ya ng'ombe je?
— Tabaka la mwisho, ndiyo. Inapunguza nyufa. Ijaribu kwenye kipande kwanza.

— Naongezea: msiwashe moto ndani kuharakisha. Uso unakauka kabla ya kiini, unabanduka.
— Kweli kabisa. Na jua kali likipiga, tundika magunia mabichi.